UZI: Umeuza hisa za ESPP? Usilipe kodi mara mbili kwa punguzo lile lile

#1 Kalamu Nyekundu

Wakuu mlioko Marekani, msimu wa ritani ukifika maswali ya hisa za ESPP (mpango wa mfanyakazi kununua hisa za kampuni yake kwa punguzo) huwa ni yale yale, na kosa linalokula hela za watu ni moja. Naanza na hilo.

Fomu 1099-B (ripoti ya mauzo ya hisa) anayokuletea dalali inaonyesha gharama ya hisa kuwa ile hela uliyokatwa kwenye mshahara tu. Punguzo ulilopewa na mwajiri halimo. Na punguzo hilo, siku ukiuza, linahesabiwa kuwa mshahara. Mara nyingi mwajiri ameshaliweka kwenye kisanduku 1 cha W-2 (fomu ya mshahara wa mwaka). Ukinakili 1099-B kama ilivyo, dola zile zile zinatozwa kama mshahara halafu zinatozwa tena kama faida ya hisa.

Msimlaumu dalali. Kwa haki za kununua zilizotolewa kuanzia 1 Januari 2014, kanuni zinamkataza kuongeza punguzo kwenye gharama anayoipeleka IRS (mamlaka ya kodi). Kurekebisha ni kazi yako wewe.

Mfano mmoja, tutautumia uzi mzima:

Toleo (kipindi cha kukatwa mshahara ili kununua hisa) lilianza 2 Januari 2024, hisa ikiwa dola 40 sokoni. Siku ya kununua ni 28 Juni 2024, bei ya soko dola 50. Mpango unatoa punguzo la asilimia 15 juu ya bei ndogo kati ya hizo mbili, kwa hiyo unanunua kwa dola 34. Hisa 100, umelipa 3,400.

Tarehe 10 Machi 2025 unaziuza zote kwa dola 52. Umepokea 5,200.

Dalali anaandika: mauzo 5,200, gharama 3,400. Kwa macho ya haraka una faida ya 1,800. Lakini 50 toa 34 ni 16, mara hisa 100 ni dola 1,600, na hizo ni mshahara. Gharama yako halisi kwa kodi ni 3,400 + 1,600 = 5,000. Faida ya hisa ni dola 200 basi.

Kwenye Fomu 8949 (orodha ya mauzo ya hisa), Sehemu ya I (muda mfupi, maana mwaka haujapita tangu kununua), tiki kisanduku A, kisha:

Safu (d): 5,200
Safu (e): 3,400
Safu (f): B
Safu (g): (1,600)
Safu (h): 200

Herufi B inamwambia IRS kwamba gharama iliyoko kwenye 1099-B si sahihi. Mabano kwenye (g) maana yake ni kutoa. Jumla inahamia Schedule D (muhtasari wa faida na hasara). Aliye kwenye ngazi ya asilimia 22 akisahau safu (g), ametoa dola 352 bure, na hapo bado kodi ya jimbo.

Hii yote ni kwa mpango ulio chini ya kifungu 423 cha sheria ya kodi. Ukipokea Fomu 3922 (taarifa ya hisa ulizonunua) kutoka kwa mwajiri, basi mpango wako ni huo.

#2 Mla Korosho

Mkuu, kwa nini mzunguko wote huo? Si naandika tu 5,000 kwenye gharama, safu (g) nikaiacha wazi? Jibu ni lile lile 200.

#3 Kalamu Nyekundu

Jibu ni lile lile kwako, ila kompyuta ya IRS haioni hivyo. Wao wanayo nakala ya 1099-B inayosema 3,400. Ukiandika 5,000 bila maelezo, namba hazioani, na barua ya CP2000 inaweza kukufuata baadaye ikidai tofauti. Ukiacha 3,400 kwenye (e) na kurekebisha kwenye (g), namba zao zinaoana na zako, na sababu ya rekebisho ipo pale pale.

Unachosema kinaruhusiwa sehemu moja tu: kama dalali hakuripoti gharama kwa IRS. Hapo unatiki kisanduku B (muda mfupi) au E (muda mrefu), unaweka gharama sahihi moja kwa moja kwenye (e), na (g) unaandika 0. Angalia kisanduku 12 cha 1099-B kujua kama gharama imeripotiwa.

Na kuna njia ya mkato ya kuruka Fomu 8949 na kuweka jumla moja kwa moja kwenye Schedule D. Hiyo ni kwa mauzo yasiyohitaji rekebisho lolote. Mauzo ya ESPP karibu yote yanahitaji, kwa hiyo msiifuate hata programu ikiwashauri kwamba itaokoa muda.

#4 Hesabu Kali

Nyongeza muhimu. Kabla ya kurekebisha gharama, hakikisha kama zile 1,600 zimo kweli kwenye W-2. Watu wanachukulia zimo.

Pa kuanzia ni kisanduku 14. Baadhi ya waajiri wanaandika pale ESPP na kiasi, lakini si lazima, wengine wanaacha patupu. Slipu ya mwisho ya mshahara wa Desemba nayo mara nyingi ina mstari wake.

Vyote vikikosa, tumia hesabu hii. Mapato ya ESPP ya kifungu 423 yanaingia kisanduku 1 lakini hayakatwi Social Security wala Medicare (michango ya pensheni na matibabu), hivyo hayaingii kisanduku 5. Makato ya 401(k) ya kawaida (akiba ya uzeeni, herufi D ya kisanduku 12) ni kinyume chake: yamo kisanduku 5, hayamo kisanduku 1. Kwa hiyo:

Kisanduku 1 + herufi D ya kisanduku 12 − kisanduku 5 = mapato ya ESPP

Tuseme kisanduku 1 ni 82,600, herufi D ni 6,000, kisanduku 5 ni 87,000. Unapata 1,600, na ndizo zenyewe. Ukipata sifuri, hazimo. (401(k) aina ya Roth, yenye herufi AA, usiijumlishe, hiyo haipunguzi kisanduku 1.)

Zisipokuwemo, ni juu yako kuziongeza kwenye mistari ya mishahara ya Fomu 1040 (ritani yenyewe). Si kwenye Schedule D. Halafu rekebisho la safu (g) unalifanya kama kawaida, kwa sababu punguzo limeshatozwa kama mshahara, safari hii kwa mkono wako.

Zinakosekana lini? Zaidi ni pale mtu alipohamisha hisa kwenda kwa dalali mwingine kisha akauza huko. Mwajiri hana habari kwamba umeuza, atawekaje kwenye W-2? Aliyeacha kazi na kuuza baadaye naye aangalie kama mwajiri wa zamani amemtumia W-2 ya mwaka wa mauzo.

#5 Binti Mvita

Ndugu zangu, hapa nachanganyikiwa. Kuna mwaka mmoja, kuna miaka miwili, kuna muda mfupi na muda mrefu. Ni kitu kimoja ama ni vitatu?

#6 Kalamu Nyekundu

Ni saa mbili tofauti za kuhesabu muda, dada, na zisichanganywe.

Saa ya kwanza inaamua punguzo linahesabiwaje kama mshahara. Ukiuza baada ya kupita miaka 2 tangu toleo lilipoanza NA mwaka 1 tangu ulipokabidhiwa hisa, umetimiza muda. Ukikosa sharti moja tu, umeuza mapema. Kwenye mfano wetu mwaka mmoja uliisha 28 Juni 2025, lakini miaka miwili iliisha 2 Januari 2026. Tarehe ya mbali ndiyo inayohesabika.

Saa ya pili inaamua kama faida au hasara ya hisa ni ya muda mfupi au mrefu. Hii inaanza kesho yake ya siku ya kununua, haina habari na siku ya toleo. Zaidi ya mwaka ni muda mrefu.

Kwa hiyo aliyeuza Julai 2025 ameuza mapema kwa saa ya kwanza, punguzo lake lote la dola 16 kwa hisa ni mshahara, lakini faida inayobaki ni ya muda mrefu. Huyo anaingia Sehemu ya II ya Fomu 8949, kisanduku D. Wengi wanadhani aliyeuza mapema lazima awe wa muda mfupi. Hapana.

Aliyetimiza muda, mshahara wake ni kiasi KIDOGO kati ya hivi viwili:

(a) bei ya kuuza toa bei uliyolipa;
(b) bei ya soko siku toleo lilipoanza toa bei ambayo ungelipa kama ungenunua siku hiyo hiyo.

Akiuza 5 Januari 2026 kwa dola 60: (a) ni 26, (b) ni 40 toa 34, yaani 6. Mshahara ni dola 600. Gharama inakuwa 3,400 + 600 = 4,000, faida ya muda mrefu ni 2,000. Safu (g) inasoma (600).

Na mwajiri kwenye mauzo ya namna hii ndiyo kabisa anaweza asijue. Rudini kwenye hesabu ya Hesabu Kali hapo juu.

#7 Hesabu Kali

Hapo kwenye (b) pana shimo. Watu wanachukua bei ya soko siku ya toleo na kutoa bei WALIYOLIPA. Kwenye mfano wa Kalamu inatokea sawa kwa bahati, kwa kuwa bei ilipanda kati ya toleo na ununuzi. Ikishuka, mambo yanaharibika.

Tuseme ilianza 40, siku ya kununua ikawa 30. Umelipa asilimia 85 ya 30, yaani 25.50. Mtu anafanya 40 toa 25.50 na kupata 14.50. Kosa. Angalia kisanduku 8 cha Fomu 3922: pameandikwa 34.00, bei ambayo ungelipa kama ungenunua siku toleo linaanza. Kisanduku 3 ni 40.00. Tofauti ni 6, ndiyo (b) yako.

Ukiuza kwa 60 baada ya kutimiza muda, mshahara ni 6 kwa hisa. Ukiuza kwa 28, (a) ni 2.50 ambayo ni ndogo kuliko 6, basi mshahara ni 2.50 na faida ya hisa ni sifuri. Ukiuza kwa 24, hakuna mshahara kabisa, una hasara ya 1.50 ya muda mrefu.

Aliyeuza mapema hana huruma hiyo. Mfano wa 34 na 50: akiuza kwa 45, bado mshahara ni dola 16 kwa hisa, na upande wa pili ana hasara ya dola 5 kwa hisa. Hasara ya mtaji, baada ya kufuta faida zako nyingine, inapunguza mapato ya kawaida hadi dola 3,000 tu kwa mwaka (1,500 kwa wanandoa wanaojaza ritani tofauti). Inayobaki inahamia mwaka unaofuata. Mshahara huo lakini unatozwa wote mwaka huo huo.

Na fomu 3922 zitunzeni. Inatolewa Januari baada ya mwaka wa KUNUNUA, si wa kuuza. Hisa za Juni 2024, fomu yake ilikuja Januari 2025; ukiuza Januari 2026 utaihitaji unapojaza ritani 2027. Haiambatanishwi na ritani, kwa hiyo haiko popote ila kwenye kabati lako.

#8 Dereva wa Excel

Na mimi niseme hili kabla watu hawajaanza kung'ang'ania hisa miaka miwili eti kwa ajili ya kodi. Tumia namba za mfano, bei ya kuuza 60, ngazi ya asilimia 22, faida ya muda mrefu asilimia 15, hisa 100.

Kuuza ndani ya mwaka: 2,600 × 22% = 572.
Baada ya mwaka lakini kabla ya miaka miwili ya toleo: 1,600 × 22% + 1,000 × 15% = 502.
Baada ya kutimiza vyote: 600 × 22% + 2,000 × 15% = 432.

Kusubiri mpaka mwisho kumeokoa dola 140, yaani 1.40 kwa hisa. Hisa inaweza kushuka hizo kabla ya chai ya saa nne. Mwenye ngazi ya juu ana sababu zaidi ya kusubiri, lakini wa kawaida anayetaka kulipia kiwanja Kibaha auze tu, mradi ajaze fomu vizuri.

#9 Mla Korosho

Kuna kitu kingine. Mpango ukiwa unanunua kila 30 Juni na 31 Desemba, na mtu akauza hisa za zamani kwa hasara Desemba, ile sheria ya siku 30 haimkamati?

#10 Kalamu Nyekundu

Inamkamata barabara, na hili ni la kukaa nalo kidogo.

Ukiuza kwa hasara, halafu ukanunua hisa za kampuni hiyo hiyo ndani ya siku 30 kabla au baada, hasara haikubaliwi kwa idadi ya hisa ulizonunua. Ununuzi wa ESPP unahesabika hata kama hukugusa kitufe chochote. Gawio linalonunua hisa lenyewe nalo linahesabika. Kwa ununuzi wa 31 Desemba, eneo la hatari ni kuanzia 1 Desemba hadi 30 Januari.

Ubaya ni kwamba dalali anaweza asiione. Chukua hisa zetu 100, lakini zimeuzwa 10 Desemba 2024 kwa dola 45, na 31 Desemba mpango ukanunua nyingine 100. Kwenye daftari la dalali: mauzo 4,500, gharama 3,400, FAIDA 1,100. Hakuna hasara machoni pake, kisanduku 1g anakiacha kitupu. Wewe unajua gharama ni 5,000 na hasara ni 500, na hasara hiyo imezuiwa.

Fomu 8949 inakuwa hivi:

(d) 4,500
(e) 3,400
(f) BW
(g) (1,100)
(h) 0

Safu (g) imetokana na kutoa 1,600 za punguzo na kurudisha 500 za hasara iliyozuiwa. Herufi mbili zinaandikwa pamoja, kwa mpangilio wa alfabeti. Zile 500 hazijapotea, zinaongezwa kwenye gharama ya hisa mpya za Desemba. Andika mahali, dalali hatakukumbusha. Kama ununuzi mpya ni hisa 60 tu, basi iliyozuiwa ni 300 na 200 unaidai.

#11 Binti Mvita

Shukran, sasa imeingia. Na wanafunzi walio kwenye F-1 (visa ya masomo) wanaofanya kazi kwa OPT (kibali cha kazi cha wanafunzi), ni hivi hivi?

#12 Hesabu Kali

Si hivi hivi. Mwenye F-1 kwa kawaida, katika miaka 5 ya kwanza ya kalenda, si mkaazi kwa kodi, anajaza 1040-NR. Punguzo ni mshahara kama wengine. Faida ya hisa, akiwa amekaa Marekani siku 183 au zaidi mwaka huo, inatozwa asilimia 30 tambarare kwenye Schedule NEC, iwe ya muda mfupi au mrefu.

Kwa hiyo kwake gharama isiyo sahihi inauma zaidi. Faida ya 1,800 ya uongo ni kodi ya 540. Faida ya kweli ya 200 ni 60. Na ile nafuu ya dola 3,000 za hasara hana; hasara inafuta faida za mwaka huo huo tu. Programu nyingi za ritani za kawaida hazijazi 1040-NR, asijilazimishe humo.

#13 Pwani Mchangani

Wakuu, kwa aliyekwisha kunakili 1099-B kavu kavu miaka iliyopita, hela imekwenda?

#14 Kalamu Nyekundu

Haijaenda kama muda upo. Fomu 1040-X (ritani ya marekebisho): miaka 3 tangu ulipowasilisha ritani, au miaka 2 tangu ulipolipa kodi, inayochelewa kuisha kati ya hizo. Aliyewasilisha kabla ya tarehe ya mwisho anahesabiwa kuwa amewasilisha siku ya mwisho. Unaambatanisha 8949 na Schedule D zilizosahihishwa, na kwenye maelezo unaandika sentensi mbili: gharama ya 1099-B haikuwa na mapato ya ESPP yaliyoko kwenye W-2, kiasi ni hiki. Kila mwaka una 1040-X yake. Ritani ya jimbo nayo irekebishwe.

Namba utazipata wapi? Ingia kwenye akaunti ya dalali utafute karatasi ya nyongeza inayokuja na 1099-B. Ina safu ya gharama iliyorekebishwa. Karatasi hiyo haipelekwi IRS, ndiyo maana watu wengi hawaifungui.

#15 Dereva wa Excel

Mawili ya haraka kwa wanaotumia programu.

La kwanza: ukichagua kwamba mauzo ni ya ESPP, programu inakuuliza tarehe na bei za 3922, inakokotoa mapato ya mshahara yenyewe, na nyingine INAYAONGEZA kwenye mishahara. Kama W-2 ilishayabeba, umeyahesabu mara mbili kwa mlango wa nyuma. Baada ya kuingiza, linganisha jumla ya mishahara kwenye 1040 na kisanduku 1 cha W-2. Ikizidi kwa kiasi kile kile cha punguzo, futa ingizo la ESPP, ingiza kama mauzo ya hisa ya kawaida, na uweke rekebisho la B mwenyewe.

La pili: mwajiri halazimiki kukata kodi ya mapato kwenye punguzo la kifungu 423. Aliyeuza matoleo manne kwa mpigo anaweza kujikuta anadaiwa Aprili, na deni likifika dola 1,000 faini ya kulipa pungufu inaweza kuanza kuhesabiwa. Aongeze makato kwenye W-4 mwaka huo huo aliouza, au alipe kwa robo mwaka.

#16 Mla Korosho

Na ambaye hakupata 3922 kabisa?

#17 Hesabu Kali

Kwanza amuulize mwajiri, au aingie kwenye akaunti ya mpango, mara nyingi iko mle upande wa nyaraka za kodi. Kama jibu ni kwamba mpango si wa kifungu 423, basi asahau saa ya miaka miwili. Punguzo lilishatozwa siku ya kununua, pamoja na Social Security na Medicare, na liko kwenye W-2 ya mwaka wa kununua. Gharama yake ni bei ya soko ya siku hiyo. 1099-B bado inaweza kuonyesha bei aliyolipa tu, kwa hiyo herufi B na safu (g) zinabaki pale pale.